Gego la mwisho likishang'olewa: namna ya kutuliza maumivu na uvimbe

Nimeng'olewa magego mawili ya mwisho ya chini, la kulia mwezi Desemba na la kushoto mwezi Machi, kwa daktari yule yule, kwenye kiti kile kile, hapa Tanga. Yote mawili yalikuwa yamelala ubavu ndani ya taya, kila moja likilisukuma jino lililo mbele yake kama abiria anayetaka kushuka kabla gari halijasimama. Yote mawili yalitolewa kwa kupasuliwa: ufizi ukafunguliwa, mfupa ukasagwa kidogo, jino likakatwa vipande viwili, likatoka. La kulia liliniuguza wiki mbili. La kushoto, siku ya sita nilikuwa nauwinda wali. Mkono wa daktari ulikuwa ule ule. Niliyebadilika ni mimi.

Kazi yangu ni ushereheshaji: harusi, send-off, kipaimara, mahafali, popote penye maikrofoni na watu waliovaa sare. Mdomo ndio jembe langu, kwa hiyo lile shavu nililichunguza kama mkulima anavyochunguza wingu. Tangu Machi kila mtu wa mtaani mwenye gego linalomsumbua anaelekezwa kwangu, nami nimechoka kurudia maneno yale yale nikiwa kwenye foleni ya mkate. Nayaandika hapa mara moja. Mimi si daktari. Daktari wako akikuambia tofauti na haya, mfuate yeye, maana yeye ameiona picha yako ya eksirei na mimi sijaiona.

Hesabu siku kabla hujaenda

Kosa langu la kwanza nililifanya kwenye kalenda. Nilipasuliwa Jumatano nikiwa na send-off Jumamosi, na kianzio nilishakipokea na kukila. Nilidhani jeraha la mdomoni ni kama la kidole: siku ya kwanza ndiyo mbaya, halafu kila kukicha nafuu. Sivyo. Uvimbe wa gego hupanda taratibu, hufika kileleni kati ya saa 48 na 72, ndipo huanza kushuka. Jumatano jioni nilijitazama kwenye kioo nikacheka, nikasema wamenitisha bure. Alhamisi shavu likajaa. Ijumaa asubuhi mama wa dukani alinisogezea chenji kwa ncha za vidole, akaniuliza kama nina matubwitubwi, maana yeye ana watoto. Jumamosi nikasimama mbele ya watu nikiwa nimegeuza uso upande mmoja usiku mzima, kama picha ya kwenye sarafu.

Basi jipe siku saba zisizo na shughuli ya kuonekana wala ya kusema sana, na siku mbili tatu za mwanzo usibebe mzigo wala kukimbia, kwa sababu moyo ukienda mbio jeraha nalo hutoa damu. La pili nililipanga katikati ya Kwaresima, wakati ndoa za kanisani zimesimama na simu yangu imelala. Waislamu walioniuliza kuhusu Ramadhani nimewaambia wasubiri Idi ipite ikiwa jino halina haraka, kwa sababu dawa zenyewe zinataka chakula na zinataka saa za mchana. Lakini jino lenye usaha halisubiri mwezi kuandama.

Kabla hujakaa kwenye kiti, mwambie daktari kila kitu bila kuona haya: vidonda vya tumbo, pumu, presha, sukari, ugonjwa wa figo, ujauzito hata kama ni wa wiki chache, dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge vya uzazi wa mpango. Haya yanaamua upewe dawa gani ya maumivu. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi ana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata lile tatizo la tundu kavu nitakalolieleza. Asiache vidonge, aseme tu.

Na nyumbani tayarisha mapema. Siku ya kwanza hutataka kumtuma mtu dukani kwa ishara za mikono. Weka kandoro sita, yale maji ya mfuko wa nailoni, kwenye friza, unga wa uji, chumvi, dawa za maumivu ulizoandikiwa, mito mitatu.

Saa za mwanzo ni za kung'ata na kutulia

Utatoka ukiwa umeng'ata shashi. Ing'ate kwa uthabiti kwa dakika 30 hadi 45, na usiwe unaitoa kuitazama. Kila ukiitoa unavuta kile kilichoanza kuganda, unaanza upya. Mara ya kwanza niliitoa mara nne ndani ya bajaji.

Mate yatakuwa mekundu au ya waridi mpaka kesho yake, na mtu asiyejua huamini anakufa. Tone moja la damu kwenye mate hupaka kinywa kizima. Meza mate yako, usiteme. Damu ikirudi kwa wingi, keti wima, kunja shashi safi, iweke juu ya tundu lenyewe na si juu ya meno ya jirani, ung'ate tena nusu saa. Huna shashi? Kifuko cha majani ya chai nyeusi, kilicholoweshwa kikapoa, kinafanya kazi hiyo, kwa kuwa ule ukakasi wa chai husaidia damu kuganda. Ikiwa baada ya kung'ata hivyo mara mbili damu bado inajaa mdomo, rudi ulikotibiwa.

Ganzi hukaa saa mbili, tatu, hata nne. Kipindi hicho usile kitu cha kutafuna wala cha moto. Unaweza kuutafuna mdomo wako wa chini ukidhani ni mkate, na utaujua ukweli ganzi ikiisha.

Dawa ifike kabla ya maumivu

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza vita. Wanasema, "Siumwi, kwa nini nimeze kidonge?" Huumwi kwa sababu ya ganzi! Mimi mara ya kwanza nilisubiri. Saa kumi jioni ganzi ikatoka mara moja, kama umeme unavyokatika, na kidonge nilichomeza wakati huo kilichukua karibu saa nzima kunifikia. Ile saa moja nilitembea kutoka sebuleni hadi uani mara zisizohesabika.

Mara ya pili jino lilitoka saa nne asubuhi. Saa sita mchana, nikiwa bado sina habari na taya langu, nikanywa uji vuguvugu kwa kijiko upande wa pili, nikameza dawa. Ganzi ilipotoka nilisikia maumivu, lakini ya mtu anayebisha hodi mlango ukiwa umefungwa.

Nilizoandikiwa ni mbili: ibuprofeni, ambayo madukani tunaiita brufeni, miligramu 400, na parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500. Nikamuuliza daktari kwa nini mbili, nikihisi ananiuzia. Akanieleza kuwa zinafanya kazi kwa njia tofauti. Brufeni inapambana na ule mwako wa ndani unaoleta uvimbe na maumivu kwenye jeraha lenyewe. Parasetamoli inatuliza maumivu kwa njia yake. Akanitajia kwamba mwaka 2013 Cochrane, taasisi inayokusanya tafiti za tiba na kuzipima, ilitoa mapitio kuhusu magego haya haya ya chini: brufeni ya miligramu 400 ilifanya vizuri kuliko gramu moja ya parasetamoli, na zote mbili pamoja zilishinda kila moja ikiwa peke yake.

Ratiba yangu ilikuwa saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, zote mbili kwa pamoja, baada ya kula. Kati ya brufeni moja na nyingine yasipungue masaa sita. Parasetamoli unaweza kuongeza mara ya nne usiku ukizidiwa, mradi zimepita saa nne tangu ya mwisho na ndani ya saa 24 usivuke vidonge vinane. Nilitega kengele kwenye simu kwa siku tatu, nikameza kwa saa, si kwa maumivu. Siku ya nne nikaanza kupunguza, parasetamoli peke yake, halafu basi. Hiki ni kipimo cha mtu mzima mwenye afya. Mtoto, mjamzito na mwenye ini bovu wana hesabu yao kwa daktari.

Sasa tahadhari, na usiziruke. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu, mwenye pumu inayoamshwa na dawa za namna hii, mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiiguse brufeni mpaka daktari amruhusu. Usichanganye brufeni na diklofenaki. Ni watu wa ukoo mmoja, na ukizichanganya hupati nafuu mara mbili, unapata tumbo bovu. Na soma nyuma ya pakiti. Kuna vidonge vya mchanganyiko ambavyo ndani yake tayari mna diklofenaki na parasetamoli, halafu mtu anaongeza Panadol juu yake bila kujua kuwa ni parasetamoli ile ile. Dawa nyingi za kichwa za dukani zina aspirini, na aspirini huzidisha kutoka damu. Lakini kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa kunisoma mimi.

Antibayotiki si dawa ya maumivu. Nasema hivi kwa sababu jirani yangu alikwenda duka la dawa akajinunulia amoksilini "ya kukausha jino". Ukiandikiwa, imalize. Usipoandikiwa, usiitafute. Ukipewa Flagyl, pombe weka mbali mpaka dozi iishe na siku mbili tatu zipite juu yake. Na ile tabia ya kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye tundu, jamani, iishe. Unga ule hauponyi kitu pale, unalichokoza jeraha.

Barafu, kandoro na kanga

Baridi hubana mishipa midogo ya damu, maji yasivuje kwa wingi kwenye nyama za shavu. Ndiyo maana ina faida siku ya kwanza, na kidogo siku ya pili, kabla uvimbe haujajaa. Watu hukumbuka barafu siku ya tatu wakishafanana na puto; wakati huo imeshapitwa.

Nilijaribu mabonge ya barafu ya friji, yana kona, yanachoma. Nikajaribu chupa ya maji iliyoganda, haikai kwenye taya. Kilichonifaa ni kandoro. Igandishe, ipige taratibu kwa mpini wa kisu mpaka ipasuke ndani kwa ndani, itajikunja kufuata taya lako. Ifunge kwenye kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja. Shavu lenye ganzi haliwezi kukuambia kuwa linaungua kwa baridi. Dakika 20 iweke, dakika 20 iondoe, hivyo hivyo ukiwa macho. Kuishikilia kwa mkono utachoka dakika ya tano, kwa hiyo nilichukua kanga ya mke wangu, nikaipitisha chini ya kidevu na kuifunga utosini. Picha ipo. Siitoi.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika, hamishia kandoro kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Kinachotunza moto kinatunza na baridi. Na kama huna friza, wauza barafu za ukwaju wako kila mtaa. Nunua, usiilambe tu, ukwaju ni mkali.

Baada ya saa 48 geuza: kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto wa kuvumilika, kikakamuliwa, juu ya shavu, mara nne tano kwa siku. Sasa unataka damu ipite kwa wingi ili izoe maji yaliyotuama.

Usiku lala kichwa kikiwa juu, mito miwili mitatu, siku tatu za mwanzo. Ukilala bapa, uvimbe wa asubuhi unakuwa wa kutisha bila sababu. Mara ya pili nililala kwenye kochi kabisa. Na siku ya nne au ya tano usishangae kuona rangi ya manjano au kijani ikiteremka kuelekea shingoni. Ni damu iliyovuja chini ya ngozi, inashuka kwa uzito wake na kupotea.

Lile donge ndilo mali

Jino likitoka huacha tundu, na tundu hujaa damu inayoganda. Lile donge jeusi, linalochukiza kulitazama, ndilo bandeji yako. Limefunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyobaki uchi. Likitulia, nyama mpya inaota. Liking'oka au likiyeyuka kabla ya wakati wake, mfupa unabaki wazi, na upepo, mate na chakula vinaugusa moja kwa moja. Madaktari wanaita tundu kavu. Nilikuwa nalo, kwa hiyo hapa nitakaa.

Ile Jumamosi ya send-off mdomo ulikuwa haufunguki sawasawa. Nikajiona mjanja, nikaomba soda na mrija. Nikanyonya chupa tatu usiku ule, katikati ya kupiga vigelegele vya kuwaamsha watu wa meza ya ukoo wa bwana harusi waliokuwa wamenuna. Nikarudi nyumbani nikasukutua kwa nguvu zote, nikatema kama mtu wa mswaki wa asubuhi. Jumapili nilikuwa na nafuu kidogo. Jumapili usiku maumivu yakarudi, na safari hii hayakuwa yale. Yalikuwa yanachimba, yanapanda sikioni, yanafika kwenye paji. Mdomoni kulikuwa na ladha mbovu, na harufu ambayo niliisikia mwenyewe. Brufeni ikawa kama nimemeza pipi.

Jumatatu daktari akaangaza taa, akanionyesha kwa kioo: tundu tupu, mfupa mweupe chini. Akaliosha, akaweka kipande cha dawa ndani. Kabla sijashuka kwenye kiti maumivu yalikuwa yameshuka nusu. Sikuamini. Akabadilisha dawa ile baada ya siku mbili, kisha tena. Hakuapa kwamba ni mrija ulionifanyia. Alisema magego ya chini yenyewe yana kawaida hiyo hata kwa mtu mtulivu. Lakini nilipoanza kumhesabia niliyoyafanya tangu Jumatano, alinyanyua mkono nisiendelee.

Harufu ya dawa ile niliijua: karafuu. Kilichomo ndani ya mafuta ya karafuu kinaitwa eujenoli, na madaktari wa meno wameitumia miaka mingi kutuliza jino. Mama mkwe wangu, mtu wa Pemba, alifurahi sana kusikia hivyo, siku ya pili akaleta chupa. Nikamshukuru, nikaiweka kabatini. Mafuta yenyewe yakimwagwa kwenye jeraha bichi yanaunguza nyama. Daktari anatumia kipimo, ndani ya dawa yake, kwenye tundu aliloliosha. Karafuu ya mama kwa jino bovu linalosubiri siku ya kung'olewa, sawa. Kwa jeraha, hapana. Na tumbaku, ugoro, majivu, hivyo hata tusivijadili.

Kwa hiyo siku tano za mwanzo usinyonye chochote: mrija, pipi ya kijiti, dafu kwa mrija, shisha, sigara. Sigara ina dhambi mbili, kunyonya na moshi wenyewe, ambao unapunguza damu inayofika kwenye jeraha. Fundi wangu wa muziki alitaka kujua kama anaweza kuvuta "kwa upande wa pili". Moshi hauna upande.

Saa 24 za mwanzo usisukutue kabisa. Kesho yake anza: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Chukua funda, laza kichwa kulia, laza kushoto, kisha fungua mdomo juu ya karai na uache maji yaanguke yenyewe. Hakuna kusukuma mashavu, hakuna kutema. Meno mengine yapige mswaki tangu jioni ya kwanza, polepole, ukikwepa lile eneo. Na ulimi wako, huo ndio mkaidi kuliko wote, utataka kwenda kuchungulia kila dakika. Ukatae.

Kusema sana nako sikukushauri siku mbili za mwanzo. Mara ya pili nilikuwa najibu wateja kwa kuandika. Wamenizoea kwa sauti, wawili wakanipigia kuuliza kama wamenikosea.

Siku ya tatu jipime

Kama kuna jambo moja la kushika, shika hili. Uvimbe unaruhusiwa kupanda mpaka siku ya tatu. Maumivu yanaruhusiwa kuwa makali siku mbili tatu za mwanzo. Kuanzia hapo, kila siku iwe nyepesi kuliko ya jana, hata kwa kiasi kidogo. Maumivu yaliyokuwa yanashuka yakigeuka na kupanda kati ya siku ya tatu na ya tano, hasa yakielekea sikioni na mdomo ukinuka, usiongeze vidonge, rudi kwa daktari. Tundu kavu halitibiwi kwa uvumilivu, na dawa yake ni ya dakika kumi. Nami nilipoteza usiku mzima nikijikaza.

Mengine hayasubiri hata asubuhi: homa ya kuvuka nyuzi 38 na kutetemeka, uvimbe unaoshuka chini ya taya na kuwa mgumu shingoni, au unaonyanyua ulimi, kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika kama una kiazi mdomoni, pumzi kuwa nzito. Hapo ni hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo, kwa bodaboda kama hakuna gari, maana maambukizi ya chini ya ulimi yanaweza kuziba njia ya hewa. Ni nadra, lakini ukiyaona usiende duka la dawa.

Mdomo wa chini, kidevu au ulimi vikibaki na ganzi baada ya siku nzima kupita, mwambie daktari. Mshipa wa fahamu hupita karibu kabisa na mizizi ya gego la chini, ukiguswa huchukua wiki au miezi kuamka, na mara nyingi huamka. Mimi kidevu kilinisisimka upande mmoja kama wiki mbili, kama mguu uliolaliwa.

Cha kula, na taya lililogoma

Siku ya kwanza vitu vya baridi au vuguvugu tu: uji wa ulezi uliopoa, mtindi, parachichi lililopondwa, ndizi mbivu. Siku ya pili na ya tatu mtori uliopondwa sana, viazi vilivyovurugwa na supu, mayai laini, supu ya samaki iliyochujwa mara mbili, maana mwiba kwenye jeraha sitaki hata kufikiria. Kijiko kidogo, upande wa pili. Siku ya nne nilichovya mahamri kwenye chai ya maziwa mpaka yakalegea, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Bisi, karanga, korosho, kashata, mishikaki, ubuyu, pilipili, achari ya ndimu: hivyo subiri wiki mbili. Wali unachelewa si kwa ugumu wake ila kwa punje, zinapenda tundu. Kunywa maji mengi. Midomo ikikauka na maumivu huzidi.

Taya kukaza ni kawaida, kwa sababu misuli ya kutafuna imeumizwa pamoja na jino. Kipimo changu ni vidole. Mdomo wa mtu mzima hupitisha vidole vitatu vilivyosimama. Siku ya pili mimi nilipitisha kimoja. Kuanzia siku ya tatu, baada ya kitambaa cha moto, fungua mdomo mpaka pale panapovuta, hesabu mpaka kumi, funga. Mara tano, asubuhi, mchana, jioni. Usilazimishe mpaka machozi. Mara ya kwanza sikulifanyia zoezi nikiogopa, wiki ya tatu nikawa bado nauma embe kwa pembeni. Mara ya pili siku ya tisa vidole vitatu vikapita.

Nyuzi zangu zilikuwa za kuyeyuka, zikaanguka zenyewe siku ya nane. Kama zako ni za kutolewa, utarudi baada ya wiki hivi. Tundu lenyewe linabaki wazi muda mrefu kuliko unavyodhani, na linakusanya chakula kama mfuko wa shati. Baada ya wiki ya kwanza daktari alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye ncha iliyopinda: unalijaza maji ya chumvi vuguvugu, unaielekeza ncha mdomoni mwa tundu bila kuichomeka, unasukuma taratibu baada ya kila mlo. Usianze kabla hujaruhusiwa, utalisukuma donge. Punje ya wali ya mwisho niliitoa wiki ya tano.